Ng'ombe wa Pembe Moja

Siku mwalimu Mjapani alipofika bomani kwetu mara ya kwanza, alimwinamia baba yangu kichwa, na baba akamwekea mkono juu ya utosi kama alivyokuwa akiwawekea watoto. Nilikuwa nimesimama kando, na nikajua papo hapo kwamba kuna kosa limefanyika, ila sikujua ni la nani. Kwetu mtoto ndiye humwinamia mkubwa, naye mkubwa humgusa kichwa, basi mtoto akaenda zake kucheza. Mtu mzima hutoa mkono. Na huyu alikuwa mtu mzima, tena wa digrii, aliyeletwa kufundisha hesabu na sayansi katika shule ya sekondari pale Kajiado. Miwani yake peke yake ilitosha kumtisha hedimasta. Kumbe kwao wakubwa kwa wadogo wote huinamiana, ndiyo salamu yao. Baba angejulia wapi hayo? Aliona kijana aliyetumwa mbali sana na mama yake, ambaye bado anajihesabu mtoto, akamwonea huruma.

Mwalimu alikuwa ametafuta njia hadi kwetu kwa sababu ya maziwa. Hiyo ni miaka ya tisini, na boma letu lilikuwa pale mji unapokwishia, karibu kiasi kwamba kengele ya shule tuliisikia tukiwa tunakamua. Baba akaamua kwamba msichana atampelekea kila asubuhi akielekea shule. Msichana mwenyewe ndiye mimi, nikiwa bado primari. Mama alipenda kusema mdomo wangu hufika mahali kabla yangu, na sioni kwa nini nibishe leo.

Nilimcheka mwalimu tangu siku ya kwanza. Kiswahili chake alikuwa amekitoa kitabuni, safi kama sahani ya wageni. Aliniuliza, "Je, maziwa haya yamekamuliwa alfajiri ya leo?" Hakuna mtu Kajiado nzima aliyewahi kuyasemea maziwa namna hiyo. Sisi tungeuliza tu kama hii maziwa ni ya leo. Nilicheka hadi nikamwaga kidogo mlangoni pake, naye akaenda kuleta kitambaa na kupangusa mwenyewe bila kununa. Hapo nikaanza kumpenda, ingawa sikuacha kumcheka.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi mezani akiandika. Nikachungulia. Herufi zake zilikuwa kama vibanda vidogo vilivyojengwa kimoja kimoja, kila kimoja na paa na nguzo zake. Nikamwambia aandike ng'ombe. Nilimchagua ng'ombe kwa makusudi, maana niliamini kwamba huyo hawezi kuingia katika kibanda cha mtu yeyote. Mwalimu akainuka, akatoka nje, akaokota kijiti na kuchora mchangani:

牛

Akasema, "Ushi." Nikatazama. Kulikuwa na mistari miwili ya kulala, wa chini mrefu kuliko wa juu, na mmoja wa kusimama unaoipasua yote miwili katikati. Upande wa kushoto, juu, kulikuwa na kimstari kifupi kilichoinama. Akanionyesha hicho kimstari, akasema ndiyo pembe.

"Na ingine iko wapi?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba zamani za kale herufi hiyo ilikuwa picha ya kichwa cha ng'ombe, na pembe zote mbili zilikuwepo. Lakini watu waliiandika kwa haraka, vizazi kwa vizazi, na pembe moja ikapotea njiani. Jioni nilimchorea baba herufi hiyo mbele ya zizi. Baba aliizunguka, akaiangalia kutoka upande huu na ule, kama anavyomkagua ng'ombe wa mtu mnadani. Kisha akasema, kwa masikitiko kabisa, kwamba hao watu wameandika mpaka pembe ikaanguka. Kwa muda mrefu baadaye alikuwa akimuuliza mwalimu habari za ile pembe, kama imepatikana.

Basi ndivyo masomo yalivyoanza, na darasa lilikuwa mchanga wa mlangoni kwa mwalimu. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja, nalo ni utaratibu wa mistari. Unaanza na pembe, unafuata mstari mfupi wa kulala, kisha ule mrefu, na wa kusimama unakuja mwisho. Mimi nilipenda kuanza na wa kusimama, kama mtu anavyochimbia nguzo kwanza. Akiniona tu, anafuta kwa kiatu. Nilikasirika. Nilimwambia mwisho wa yote ng'ombe ni yule yule, nani atajua nilianzia wapi? Alinijibu kwamba mkono wenyewe utajua. Nikaenda kumshtaki kwa baba, nikidhani nitapata mtetezi. Baba akaniuliza kama ng'ombe mimi humkamua kutoka upande wowote ninaotaka. Nikakubali, kwa sababu anayemwendea ng'ombe wetu kwa upande usio wake hurudi nyumbani akichechemea. Tangu hapo nilianza na pembe. Nilichora nikiwa nachunga, kwa fimbo, na nilichora hewani nikienda shule, mpaka wenzangu wakaanza kusema nimerogwa na Mchina.

Maneno nayo yakaja, moja likivuta lingine. Maziwa ni gyuunyuu, na mbele yake amesimama ng'ombe yule yule, lakini haitwi tena ushi, anaitwa gyuu. Nyama yake ni gyuuniku. Ndama ni koushi, na huko tena amekuwa ushi. Hilo lilinichoma. Nilimwambia mwalimu kwamba kwetu ng'ombe ni ng'ombe, awe mbele au nyuma. Yeye akasema ng'ombe akiwa peke yake ana jina lake la nyumbani, na akitembea na wenzake huchukua lingine. Baba hakuona ajabu yoyote. Yeye mwenyewe alikuwa na jina la nyumbani na lingine ambalo watu wa rika lake tu ndio walilitumia. Nilianza kuona kwamba hawa wawili watanishinda kila siku, hata wasipokutana.

Kila nilichojifunza asubuhi nilikipeleka zizini jioni, na baba alikuwa mwanafunzi wangu mgumu. Nilimchorea 牧, nikamweleza kwamba huyu hapa kando ni ng'ombe, na huu mwingine ni mkono ulioshika fimbo, na wakiwa pamoja ni kuchunga. Baba akafurahi, akasema hatimaye wamempata mchungaji. Nikamchorea 物, ambayo ni kitu, kitu chochote kile duniani, nayo pia imeanza na ng'ombe. Hapo hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza ni kitu gani hicho ambacho kingekuja mbele ya ng'ombe. Lakini nilipomchorea 牢, yaani ng'ombe aliyewekewa paa juu, nikamwambia maana yake ni jela, alichuchumaa kuitazama. Akasema yeyote aliyeitunga hiyo alikuwa na ng'ombe kweli.

Halafu mama yake mwalimu akafa.

Habari ilikuja kwa simu ya ofisi ya shule, na ilipofika mazishi yalikuwa yamekwisha. Hakuweza kwenda. Nilimkuta asubuhi amejifungia nyuma ya mlango. Aliuvuta kidogo tu, akapokea kidumu cha maziwa, akasema asante, akafunga. Kesho yake vivyo hivyo. Nilimweleza baba. Baba akauliza kama kuna ndugu aliyekwenda kuketi naye, nikasema hana mtu. Akauliza kama ana hata mbuzi mmoja. Nikasema ana redio.

Baba hakulala vizuri na jambo hilo, mama alituambia. Asubuhi alimtoa mtamba mwekundu mwenye tumbo jeupe, ambaye sisi watoto tulikuwa tunamgombania nani atakuja kupewa, akamswaga hadi nyumba ya mwalimu, mimi nikifuata na maziwa. Alimwambia mtu hawezi kumlilia mama yake hali hana hata mnyama mmoja wa kumtazama. Akamwambia huyu ni wako. Atakaa na wenzake katika zizi letu kwa kuwa wewe huna boma, lakini ni wako, na watoto wake ni wako. Akaongeza kwamba kuanzia leo wao wawili hawana majina. Kwetu waliopeana ng'ombe huitana kwa ng'ombe huyo: Pakiteng. Wewe utaniita Pakiteng, na mimi nitakuita Pakiteng, mpaka mmoja wetu aondoke. Mwalimu alimshika mtamba shingoni, akalia kwa sauti, na baba akamwacha alie.

Mimi nilipenda hilo jina hata nikajaribu kulitumia kesho yake. Baba akanikata kauli. Alisema jina hilo ni la aliyetoa na aliyepokea, si la kila mpita njia. Siku nitakayokuwa na huyo ng'ombe mkononi mwangu ndiyo nitaruhusiwa kulisema. Kwa sasa niseme mwalimu. Mwalimu alikuwepo akisikiliza, akanicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Hazikupita wiki nyingi, mwalimu akaja bomani amevaa shati la mikono mirefu. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa katika kitambaa cha buluu chenye maua, fundo limekazwa vizuri juu, na kwa umbo lake nikajua ni ile redio yake. Alikishika kwa mikono miwili, akainama, akampa baba. Baba akauliza ni cha nini. Mwalimu akasema ni cha kurudisha, kwa ajili ya ng'ombe.

Mama aliacha kuchochea moto. Baba alipokea, akasema ashe oleng, yaani asante sana, kama adabu inavyotaka, akamkaribisha chai, wakanywa, wakaagana. Mwalimu alikwenda zake akiwa mwepesi, ameshatua mzigo. Baba hakulifungua lile fundo. Alikiweka kile kitu pembeni, akasema, "Amenilipa." Kisha akaniambia kesho nisipeleke maziwa.

Mtu asiyetoka kwetu ataona ni jambo dogo, redio tu. Lakini kurudisha haraka namna ile ni kununua. Ng'ombe wa Pakiteng hurudishiwa, ndiyo, ila baada ya miaka, kwa njia yake, labda kutoka kwa mtoto wako hadi kwa mtoto wake. Anayekimbilia kurudisha anasema hataki kukujua zaidi ya hapo. Baba alitoa ndugu, akaletewa bei. Sijawahi kumwona ameumia hivyo. Alimchunga yule mtamba mwekundu bila kumtazama, na akizungumzia habari za shule alisema tu mwalimu, kama watu wengine.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimenyang'anywa ushi wangu. Nilivumilia kadiri mdomo wangu ulivyoweza, yaani si sana. Nikapita kwake bila kidumu, nikagonga, nikamwambia bila hata kumsalimia: umemlipa baba ng'ombe, sasa wewe ni mtu wa soko. Alibadilika rangi. Akaniketisha, akanieleza polepole ili nielewe. Kwao mtu akifiwa, watu humletea kitu, naye lazima arudishe sehemu yake. Asiporudisha, amewaachia waliompa mzigo wa huzuni yake, na ni aibu kubwa, hata marehemu anaaibika. Alikuwa amemrudishia baba kwa heshima yote aliyofundishwa na mama yake huyo huyo aliyekufa.

Nikarudi mbio, nikamwambia baba yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida. Akaniuliza kama nina hakika kwamba mwalimu alisema mzigo. Nikasema ndiyo. Baba akasema maskini, kwao deni ni mzigo. Kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, wala hakusema nini kifanyike, na mimi nikabaki nikimkasirikia yeye pia.

Mwalimu alikuja mwenyewe. Safari hii alisimama mbele ya mlango wa zizi, hakuinama, akasema kwa Kiswahili chetu sasa, kile cha Kajiado, "Nimekuja kuchukua redio yangu." Nilikuja kuelewa ukubwani ni kitu gani kile kwa mtu wa kwao, kudai zawadi aliyotoa kwa mikono miwili. Masikio yake yalikuwa mekundu. Baba akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa cha buluu, fundo bado limekazwa vile vile, akampa.

"Pakiteng," baba alimwambia, "ukinilipa, utarudi hapa kutafuta nini?"

Mwalimu akaketi, redio mapajani. Alikaa nasi mpaka jua likaanza kupungua, na redio ikapigwa pale pale zizini, ikiwa mali ya mwenyewe. Kesho yake asubuhi nikapeleka maziwa.

Muda wake wa kufundisha ulipokwisha alirudi kwao. Mtamba alikuwa ameshazaa, na baba alimwambia asiwe na wasiwasi, ng'ombe hawajui kwamba umekwenda mbali. Walipeana mikono. Sikulia mbele yao. Nililia baadaye, nikichora ng'ombe wa pembe moja mchangani na mbuzi wakimkanyaga.

Miaka ya elfu mbili ilinikuta Kitengela. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja katika ploti ya mabati, nikiuza katika duka la familia ya Kiislamu kutoka Kaskazini Mashariki. Kitengela wakati huo ilikuwa inajengwa kila upande, vumbi na kokoto, na magari ya mitumba kutoka Japani yalizagaa yakiwa bado na maandishi ya kwao milangoni. Watu waliyaona mapambo. Mimi siku moja nikaona lori dogo jeupe limepakia mchanga, na ubavuni limeandikwa 牛乳. Nilisimama katikati ya barabara kama mjinga. Nikamwambia dereva gari lake linasema maziwa. Akaniuliza nimekunywa nini asubuhi hiyo. Nikamwonyesha: pembe hii hapa, mstari mfupi, mstari mrefu, na wa kusimama mwisho. Hakuniamini hata chembe, lakini tangu siku hiyo alinipigia honi kila alipopita dukani.

Ndiyo maana nilijua pa kukimbilia ukame ulipotufika. Nyasi za Kajiado ziliisha kabisa, na kaka zangu wakahamisha ng'ombe waliobaki kuelekea Kimana, mahali palipokuwa na maji. Wa njiani walikufa wengi. Yule mwekundu wa kwanza alikuwa ameshakufa kwa uzee, na uzao wake ukawa unakatika mmoja mmoja, mpaka akabaki mjukuu wake mmoja, mwekundu vile vile, tumbo jeupe vile vile, ambaye hakuwa na nguvu za kutembea hadi Kimana. Watu walimshauri baba amuuze kwa mchinjaji angali na nyama kidogo. Baba alisema hawezi kuuza ng'ombe wa mtu. Alinipigia kwa simu ya jirani. Hakuomba, baba yangu hakujua kuomba, alisema tu kwamba huyu akifa Pakiteng hana tena kitu hapa. Nilimwendea dereva wa lori la maziwa. Jioni hiyo baba akashuka Kitengela akiwa ameketi nyuma pamoja na ng'ombe, wote wawili wamejaa vumbi la mchanga. Aliuliza ubavu wa gari umeandikwa nini. Nilipomwambia, akasema basi hata gari linamjua mwenyewe.

Tulimfungia nyuma ya vyumba, karibu na kamba za nguo, tukamwezekea kipande cha mabati. Nilipomtazama amesimama chini ya lile bati nikaikumbuka herufi ya jela, na nikaona baba naye anaikumbuka, maana alisema, "Si kifungo cha maisha."

Landilodi alitoa macho. Alisema alipangisha mtu mmoja. Lakini jirani yangu, mama mmoja kutoka Kakamega ambaye mume wake alikuwa karani Nairobi, alimtuliza kwa maneno na chai, kisha akaanza kuleta mabua ya sukuma wiki na maganda ya ndizi kutoka kila jikoni pale plotini. Alikuwa akinitania kwamba huyu ng'ombe wako anakula kuliko mzee wangu. Mwenye duka letu, ambaye alifanya pia biashara ya mifugo, alikuja kumkagua akauliza bei. Baba akamwambia si wa kuuza, ni wa rafiki aliye mbali. Yule mzee akatikisa kichwa kwa kuelewa, akasema kwao mambo kama hayo hufanywa kwa ngamia, na kuanzia hapo magunia ya pumba yakawa yanaachwa mlangoni pangu bila maelezo. Mimi nilimsugua, nikamnywesha, nikamgombeza. Kuna asubuhi nilimkuta amelala ubavu hawezi kuinuka, tukamwinua kwa magunia na mabega, karani, landilodi, na dereva wa lori, na landilodi ndiye aliyepaaza sauti zaidi akituambia tusimwachie.

Mvua ilinyesha hatimaye, na tukamrudisha Kajiado kwa lori lile lile. Aliposhuka akanusa ardhi, akaanza kula kama hakuna kilichotokea.

Mwalimu alirudi mwaka uliofuata. Nilikwenda kumpokea. Nywele zilikuwa na mvi na miwani imepungua unene, lakini Kiswahili chake cha Kajiado kilikuwa bado kipo, "niko na njaa" na kila kitu. Kilichonishangaza ni kwamba hakujua pa kuweka mikono. Aliitia mifukoni, akaitoa, akaikunja. Nikamuuliza ana nini. Akasema katika maisha yake hajawahi kwenda nyumbani kwa mtu bila kubeba chochote. Kwenye uwanja wa ndege wa kwao alikuwa amenunua keki, akaipeleka mpaka mlango wa ndege, akampa mhudumu. Safari hii sikumcheka.

Baba alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, ameegemea fimbo. Aliitazama mikono ya mwalimu kabla ya kumtazama uso. Mwalimu akamsogelea, akatoa mkono kama mtu mzima.

"Pakiteng, sijaleta kitu."

Baba aliushika ule mkono hakuuachia. Alicheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu kabla ya ukame, akasema, "Sidai. Basi utarudi." Sidai kwa lugha yetu ni vizuri. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kuni.

Mwalimu hakuwahi kumkuta baba tena. Baba alipoanza kuugua aligawa mali yake kwa mdomo, kama wazee wanavyofanya, kaka zangu wakiwa wameketi. Alipofika kwa yule mwekundu alisema huyo ni wa msichana, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye jela. Hakuna aliyebisha. Tulimzika baba mvua zikiwa zimeanza, na ng'ombe mwekundu alikuwa na mimba.

Nilinunua kadi ya simu pale Kitengela, nikasimama nje ya duka mahali penye netiweki. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, ya Kiswahili na machache ya Kijapani ambayo bado niliyakumbuka. Simu ikalia huko kwao, akaipokea, akasema halo. Maneno yote yakanipotea. Nilijikuta nimesema neno moja tu.

"Pakiteng."

Nilimsikia akivuta pumzi, nikasikia kiti kikisogezwa, na nikajua kwamba amekumbuka siku ile nilipokatazwa kulisema, na nani aliyenikataza.

"Naam, Pakiteng," akaitikia. Kisha akauliza, "Lini?"